Baba ameacha dawa za kisukari, anakunywa asali tunayouza

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Isevya, Tabora mjini. Baba yangu yuko Sikonge. Zamani alilima tumbaku, akachoshwa na madeni ya pembejeo, akahamia kwenye nyuki moja kwa moja. Ana mizinga ya magome na ya mbao porini, na wenzake wamemchagua kuwa mwenyekiti wa kikundi chao cha wafugaji. Mimi ndiye ninayechuja asali, naijaza kwenye chupa na kuiuza hapa mjini, nyingine natuma kwa basi kwa wateja wa Mwanza na Dar es Salaam. Ada ya mdogo wangu wa kiume aliyeko chuoni inatoka humo. Hata mimi nilisomeshwa na asali hiyo, na baba hachoki kunikumbusha.

Baba ana kisukari. Alipogundulika alianzishiwa vidonge vya metformini, akawa anameza vizuri na kliniki anakwenda. Mwaka jana mtu akamtumia sauti kwenye WhatsApp. Msemaji anasema kisukari kinaletwa na sumu zinazoitwa radikali huru, na kwamba asali ya miombo imejaa antioksidanti, yaani kemikali za mimea ziitwazo fenoli, ambazo zinazoa sumu zote mwilini. Kwa hiyo anayekunywa asali halisi hana haja ya vidonge. Baba ameisikiliza mpaka anaikariri. Tangu kiangazi ameacha dawa. Asubuhi na jioni anajaza asali kikombe kidogo cha kahawa, anakunywa yote, anashushia maji ya uvuguvugu.

Mwenyewe anasema hajambo, tena ana nguvu. Lakini nilipokwenda kuchukua mzigo niliona mambo yakanikosesha usingizi. Pale anapokojoa nyuma ya nyumba sisimizi wamejaa. Usiku anatoka nje kila mara. Kidole cha mguu wa kushoto kina kidonda, alijikwaa kwenye kisiki, anakipaka asali na hakifungi. Nilipokishika wala hakushtuka.

Nilijaribu kumwambia. Akanitazama akasema, "Asali hii ilikusomesha, leo imekuwa sumu?" Kisha akanisomea aya ya Surat An-Nahl inayotaja asali. Mimi ni Mwislamu, naiamini aya hiyo. Nikanyamaza.

Kuna jingine. Lebo ya chupa zetu aliitengeneza mdogo wangu. Imeandikwa: "Ina antioksidanti nyingi. Inatibu kisukari na presha, inazuia saratani na uzee." Kwa kweli mauzo yamepanda. Sasa anataka tuagize na vidonge vya chai ya kijani tuviuze pamoja. Juzi mteja wa Dar es Salaam ameniandikia kwamba mama yake ana kisukari na amechoka na dawa, je, akimpa asali yetu anaweza kuziacha? Anataka lita tano. Sijamjibu mpaka leo.

Mume wangu anasema nifanye biashara, watu wazima wanajiamulia. Kaka yetu mkubwa anasema nisimvunjie mzee heshima. Mimi hata ukweli wenyewe siujui. Hizo fenoli ni uongo? Na kama ni kweli, mbona sisimizi? Nikisema, naharibu riziki ya nyumba nzima na kumwaibisha baba mbele ya wenzake. Nikinyamaza, naogopa.

Binti wa Mfuga Nyuki, Tabora

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Barua yako nimeisoma, nikairudia pale kwenye kidole cha mguu.

Una mambo matatu mikononi: baba aliyeacha dawa, mteja anayesubiri jibu, na lebo inayoahidi makubwa. Kila mtu nyumbani amekupa neno lake, lakini hakuna aliyekujibu swali ulilouliza wewe, kwamba fenoli ni kweli au ni uongo. Tuanzie hapo, maana bila kulijua hilo utaingia kwa baba na maneno ya kubahatisha.

Ni kweli. Mwili unapochoma chakula kwa oksijeni ndani ya seli, elektroni chache huponyoka na kuzaa radikali huru. Hizi ni molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, kwa hiyo hunyakua kutoka kwa jirani, na jirani akiharibika naye hunyakua kwa mwingine. Kuwapo kwake si ubaya mtupu. Chembe nyeupe za damu huzitumia kuua bakteria. Mwili una vimeng'enya vyake vya kuzituliza, na una glutathioni, antioksidanti unayoitengeneza wenyewe. Radikali zikizidi uwezo wa walinzi hao ndipo wataalamu wanaposema kuna mkazo wa oksidi, na hapo mafuta ya kuta za seli, protini na hata vinasaba huumia. Moshi wa sigara huuleta. Na sukari nyingi ndani ya damu, mwanangu, nayo huuleta: seli zikifurikwa na glukosi, mitokondria, yaani vinu vya nishati ndani ya seli, hutoa radikali nyingi zaidi, na hiyo ni mojawapo ya njia ambazo kisukari hupitia kuharibu mishipa midogo ya macho, figo na miguu.

Kwa hiyo yule msemaji wa WhatsApp hakuanza na uongo. Alichokosea ni kuufanya mkazo huo kuwa kisukari chenyewe. Kisukari cha aina ya pili ni insulini, homoni inayoingiza sukari ya damu kwenye seli, kutofanya kazi yake sawasawa, na baadaye kongosho kushindwa kuitoa ya kutosha. Mkazo wa oksidi unachangia, na sehemu kubwa yake inatokana na sukari ileile iliyopanda.

Mimea hutengeneza fenoli ili ijikinge na jua kali, wadudu na kuvu. Nyuki wanapochukua mbochi kwenye mitundu na miti mingine ya miombo, wanabeba na hizo: flavonoidi kama kwesetini na krisini, asidi kafeiki na nyinginezo. Kwa kawaida asali yenye rangi nzito huwa nazo nyingi kuliko nyeupe. Ukiitia fenoli kwenye chupa ya maabara pamoja na radikali huru, inatoa atomu yake ya haidrojeni na radikali inatulia. Majedwali ya kusifia vyakula yalitoka huko. Lakini Wizara ya Kilimo ya Marekani iliyokuwa ikichapisha jedwali kubwa la vipimo hivyo ililiondoa mwaka 2012, kwa sababu wauzaji walikuwa wanalitumia vibaya, na namba za chupani hazikuonyesha kinachotokea ndani ya mtu.

Ndani ya mtu mambo ni mengine. Fenoli nyingi hazisharabiwi jinsi zilivyo. Zinashuka hadi utumbo mpana, bakteria wanazikatakata, ini linazibadili, na kinachobaki kwenye damu ni kidogo mno kuweza kupambana na radikali moja moja. Msaada wake mkubwa unaonekana kuwa wa kuamsha. Zinagusa protini iitwayo Nrf2, ambayo huingia kwenye kiini cha seli na kuamuru walinzi wa mwili wenyewe waongezwe. Unyamwezini mtanielewa haraka: fenoli ni yule anayepiga yowe usiku, na wanaotoka na pinde ni sungusungu wa kijiji. Ni msaada wa kweli, lakini ni wa taratibu, wa kula vizuri mwaka hadi mwaka. Haushushi sukari ya leo.

Sasa tukipime kikombe cha baba. Kikombe cha kahawa kikijaa kinachukua kama mililita 60. Asali ni nzito kuliko maji, kwa hiyo hizo ni zaidi ya gramu 80, na karibu asilimia 80 ya asali ni sukari, hasa fruktosi na glukosi. Anapata gramu 65 hivi asubuhi, na nyingine kama hizo jioni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linahesabu sukari ya asali pamoja na ya dukani. Kwa mtu mzima linataka zote pamoja zisizidi gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana 25. Hapo linasema na watu wote, hata wasio na kisukari. Fenoli nazo? Kilo nzima ya asali hubeba makumi hadi mamia ya miligramu. Kikombe kimoja cha chai ya rangi, bila sukari, kinaweza kumpa fenoli kuliko vikombe vyake vyote viwili vya asali. Zimo pia kwenye maharage mekundu, vitunguu vyekundu, mtama mwekundu, karanga zikiliwa na ganda lake jembamba, choya, majani ya kunde. Anachokitafuta baba kipo shambani kwake, na sukari yake ni kidogo mno ukilinganisha na kile kikombe. (Chai aitenge na mlo kidogo, kwa kuwa fenoli zake huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Wajawazito hasa walijue hilo.)

Ndiyo sababu ya sisimizi wako: sukari ikizidi kwenye damu hutoka na mkojo, nao huifuata. Fenoli zipo, lakini zimesafiri na sukari ambayo inazidisha mkazo uleule ambao baba anaukimbia.

Sasa baba. Unaamini ameacha dawa kwa sababu ya ile sauti. Inawezekana. Ila nimekaa muda mrefu kwenye kliniki za kisukari, na nimeona mara nyingi sauti kama ile ikimkuta mtu aliyekwisha kuchoka. Je, metformini ilikuwa inamchafua tumbo? Huwapata wengi, na kuna iliyotengenezwa itoke taratibu tumboni, isiyosumbua sana; hata ya kawaida hupoa ikimezwa na chakula. Je, nauli ya kliniki ilikuwa inamlemea asiseme? Je, alitishwa na sindano za insulini? Na kuna jambo ambalo mwanamume hatamwambia binti yake hata siku moja. Kisukari chenyewe kikiachwa hupunguza nguvu za kiume, na wazee wengi wanavitupia vidonge lawama. Kama hilo ndilo lililomtoa kliniki, hata ukimletea hesabu za gramu kwa saa nzima hamtafika popote.

Unaamini pia kwamba kusema ni kumwita mwongo. Ile kauli yake ya kukusomesha kwa asali imekuchoma, ninaelewa. Lakini nimeisoma mara ya pili nikasikia mtu anayetetea kazi ya mikono yake. Aliacha tumbaku, akaingia porini, akalea watoto. Mtu akimwambia asali ina madhara, anasikia kwamba maisha yake yote yana kasoro. Huenda mazungumzo yakaanza vizuri zaidi ukianza na kilicho kweli: asali yake ni njema, fenoli zimo. Kisha ndipo uulize habari za kile kikombe.

Nani aseme? Unaweza kusema wewe. Faida yake ni kwamba unamjua, na umeviona vitu kwa macho yako. Hatari ni kwamba amekwisha kukunyamazisha mara moja, na mara ya pili hasira inaweza kuziba mlango. Unaweza kumtuma kaka yenu. Yeye amesema msimvunjie mzee heshima, nami ningempa kazi kutokana na neno lake hilohilo: amheshimu kwa kumsindikiza kliniki na kukaa naye kama wanaume wawili. Kama kuna mfugaji mwenzake mwenye kisukari anayemeza dawa na bado anarina, huyo ana uzito kuliko sisi sote. Ila chunga asione mmekaa kikao nyuma yake. Mwenyekiti akigundua kwamba kijiji kizima kimejua habari za mkojo wake kabla yeye hajaulizwa, mtampoteza.

Kuhusu aya, nisingependa uone kuwa unachagua kati ya imani na kliniki. Aya inasema mna matibabu ndani ya asali, na hata rangi zake mbalimbali imezitaja. Mtume pia aliulizwa kama watu wajitibu, akawaambia wajitibu, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa bila dawa yake. Sheikh anayemheshimu anaweza kuyaweka hayo mawili pamoja vizuri kuliko mimi. Muulize kwanza faraghani msimamo wake, maana ukimleta na akaunga mkono kuacha dawa utakuwa umeongeza ukuta.

Njia nyingine ni mashine ya kupimia sukari. Apimwe kabla ya kile kikombe, apimwe tena baada ya saa mbili, namba azisome mwenyewe. Wengine hubadilika hapo hapo. Lakini mwingine huona ametegwa, na siku moja namba ikiwa nzuri kwa bahati ataishika hiyo hiyo mwaka mzima. Kipimo cha HbA1c hakina bahati za namna hiyo, kwa sababu kinaonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili hadi mitatu. Na akikubali kurudi kwenye dawa, arudi kupitia kliniki. Asijirudishie zilizobaki kabatini, maana baada ya muda huu figo zake zinafaa kupimwa kwanza.

Kidole sikiweki kwenye mjadala huu. Mguu usiohisi maumivu na wenye kidonda kisichofunga, kwa mtu mwenye kisukari, ni safari ya hospitali wiki hii. Usingoje mkubaliane kuhusu asali. Najua tafiti zimeonyesha asali inasaidia majeraha ya moto, na ipo inayotumika hospitalini ikiwa imeuliwa vijidudu kwa mionzi. Hiyo ya chupani haiwezi kufikia mfupa kama uambukizo umeshafika huko. Mwambie unampeleka kwa ajili ya mguu. Ni kweli, na huenda akakubali mguu upesi kuliko sukari. Wakimpima sukari hapohapo, hukumdanganya.

Mteja wako naye anangoja. Huna haja ya kusubiri ya baba yaishe ndipo umjibu. Unaweza kumwandikia kwamba asali yenu ni halisi, kwamba ina sukari nyingi, kwamba si mbadala wa dawa za mama yake, na kwamba kabla hajaitumia aongee na daktari wake. Pengine utakosa lita tano. Mume wako ana haki anaposema watu wazima wanajiamulia, ila huyu amekuuliza ndipo aamue, na jibu lako litakuwa sehemu ya uamuzi wake.

Lebo ni mazungumzo yenu na mdogo wako, na ningemwendea taratibu kwa sababu amewatafutia soko kwa bidii. Miongozo ya kimataifa ya chakula ya Codex inakataza chakula kutangazwa kuwa kinatibu ugonjwa, na mkaguzi akishika chupa yenu jina litakaloharibika ni la baba. Unaogopa kwamba mkifuta maneno hayo wateja watakimbia. Baadhi watakimbia, sikufichi. Lakini waulize wale wanaorudi kila msimu wanarudia nini. Kama ni ladha, rangi na kwamba haijachanganywa na kitu, basi mnalo la kuandika: msitu ilikotoka, mwezi iliporinwa, maua ya miti gani. Hata "ina fenoli kiasili" ni kweli mkiiacha hapo. Na ongezeni onyo ambalo chupa nyingi hazina, kwamba asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kwa kuwa asali inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa unaopooza misuli, ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvizuia.

Vidonge vya chai ya kijani ningevifikiria mara mbili. Chai yenyewe haina neno. Ikikamuliwa ikawa dozi kubwa ndani ya kidonge ni kitu kingine, na mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilitahadharisha kwamba miligramu 800 au zaidi kwa siku za kemikali yake kuu zinaweza kuumiza ini. Huko Ufini watafiti waliwapa wavutaji sigara vidonge vya beta-karotini, antioksidanti ya ukoo mwingine, wakitumaini kuwakinga na saratani. Walikuwa wanaume 29,133. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliomeza beta-karotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi kuliko wasioimeza. Msomee mdogo wako habari hiyo kabla hajatuma fedha. Yuko chuoni, ataielewa.

Lipi litangulie kati ya baba, kaka na mdogo wako, wewe unayewajua ndiye utakayepima. Mguu ukishaonwa niandikie walichosema, na kama baba amekutajia sababu yake ya kuacha vidonge, niambie kwa maneno yake mwenyewe.